Maswali ya Dama

Mjambere, 9 Aprili 2024

Mwanangu Judy,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu, nalo nimeshalizoea. Mjukuu wangu Kitsao je, ameota meno?

Yaya uliyenituma nikutafutie, wa kuja kukaa nanyi huko Doha, nimempata. Anaitwa Dama, kwao Mikindani, ni rika lako, amelea watoto miaka sita. Nilimwita nimsaili, kumbe anayesailiwa ni mimi! Alikunywa chai yangu taratibu, kisha akaniuliza pasipoti yake ataishika nani, na siku yake ya mapumziko ni ipi. Wala hakutetemeka. Mtu kama huyu sijamwona. Analo swali la tatu pia, hilo nitakwambia ukishajibu haya mawili. Kuuliza si ujinga, mwanangu.

Mamako, Jumwa

Doha, 11 Aprili 2024

Shikamoo mama,

Pole na goti. Kitsao ana meno mawili, na nikimnyonyesha ananing'ata.

Mama, hapa nani anamwajiri nani? Tarehe moja Juni narudi kazini hospitalini, na bila yaya kazi sina. Nataka mtu ukimtuma anakwenda, sikuagiza wakili. Nitafutie mwingine, mpole. Wewe mwenyewe umekuwa yaya miaka kumi na minane kwenye majumba ya Nyali, na sikuwahi kusikia ukimhoji tajiri wako.

Mwanao, Judy

Mjambere, 2 Mei 2024

Judy mwanangu,

U hali gani, na mtoto? Wiki tatu sijakuandikia. Nilikasirika nikaona heri ninyamaze, maana neno likishatoka halirudi. Sasa nimepoa.

Ni kweli, sikuuliza. Ndiyo maana ulipougua surua, una miaka minne, mimi nilikuwa Nyali nambembeleza mtoto wa watu, nyanyako akikuuguza peke yake. Siku yangu ya kuja nyumbani ilikuwa ile mwenye nyumba akikumbuka. Kisha yule mtoto, niliyemlea miaka mitatu, akaniita mama mbele ya mamake. Siku ile ile nikafungishwa virago. Hata kumuaga sikuruhusiwa.

Nilidhani kunyamaza ndiyo adabu. Dama anauliza kabla hajafunga begi, tena kwa heshima zote. Namwonea fahari kama nimemzaa mimi, na mwingine simtafuti ng'o.

Swali lake la tatu ni hili: "Mtoto akija kuniita mama, nitafanywaje?"

Mamako, Jumwa

Doha, 3 Mei 2024

Mama yangu, shikamoo tena na tena,

Barua yako nimeisoma kwenye simu nikiwa nimempakata Kitsao, nikalia hadi akanishangaa. Surua ile naikumbuka. Nilidhani hukutaka kuja. Miaka yote hii nimekuwekea kinyongo, na mimi pia sikuwahi kukuuliza. Nisamehe, mama.

Mwambie Dama pasipoti ni yake, akae nayo mwenyewe. Ijumaa ni yake kutwa nzima, na simu sitampigia. Lile la tatu limenichoma, sikufichi, wivu ninao. Lakini mwambie hivi: Kitsao akiita mama, aliye karibu aitike.

Mwanao, Judy