Ndala za Baba Mwanzo wa Safu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla sijajibebesha jina nisiloweza kulivua. Mimi ni fundi cherehani, mama wa binti mmoja, wateja wananiita Fundi Bubu kwa sababu nawapima bila kuwatazama usoni na soga sina, jirani akipandisha redio naacha hata gauni la bibi harusi nikajifungie stoo, na nguo zangu zote nimezikata lebo za shingoni maana zinaniwasha hadi nashindwa kufikiri. Hayo niliyazoea. Sasa binti yangu alipopelekwa kwa mtaalamu tukaambiwa ana usonji, kila swali lililoulizwa juu ya mtoto mimi moyoni nilikuwa najijibia mwenyewe, mtaalamu akanitazama akasema hata watu wazima hupimwa, na tangu hapo sina raha. Mume wangu anacheka, anasema cheti hakishoni nguo. Lakini kinachoniuma ni dada yangu. Baba yetu alipofariki nyumba ilijaa watu na vilio, chozi halikunitoka, nikaenda mlangoni nikaanza kupanga viatu vya waombolezaji, vikubwa huku, vidogo kule, ndala za baba nikaziweka mwanzo wa safu, watu walipotaka kuondoka hakuna aliyeona viatu vyake, ikawa vurugu, dada akanisema mbele ya shangazi zetu kwamba baba alizaa jiwe. Hatujazungumza mpaka leo. Nawaza nikipimwa nikapata karatasi nimpelekee, aone haikuwa dharau. Je, nikapimwe? Na nikiambiwa sina, nitamwambia nini?

Fundi Bubu

Fundi,

Hilo la Bubu silitumii. Mtu anayeandika hivi bila kupumua si bubu. Pole, mdogo wangu. Na pole ya msiba wa baba, maana naona siku ile hakuna aliyekupa.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Umeniandikia, basi jembe nimeliweka chini, nisikilize. Unataka kumgeuza daktari kuwa wakili wako mbele ya dada yako. Kazi hiyo si yake. Kapimwe, ndiyo, kwa ajili yako na ya binti yako, wala usingoje mumeo amalize kucheka. Wewe hukati kitambaa bila kupima, ya nini basi kuishi kwa kujikisia? Mweleze mtaalamu habari za lebo, redio na viatu, usipambe. Ukiambiwa unao, utabaki yuleyule, ila utajua sababu. Ukiambiwa huna, lebo bado zitawasha, endelea kuzikata.

Ila mtaalamu huenda akataka mtu aliyekujua utotoni. Baba hayupo, mama hukumtaja. Nani amebaki aliyekua nawe nyumba moja, kama si huyo dada?

Kwa hiyo nenda kwake kwanza, mikono mitupu. Usianze na usonji. Mwambie ndala za baba uliziweka mwanzo wa safu. Umeniambia mimi, nisiyemjua baba yenu, yeye hujamwambia.