Marahaba ya Sajini Yona

Ng'ambo ya Ruvuma, 4 Mei 2024

Mjomba Mwinyijuma,

Shikamoo. Mie mzima, ila mbu wa huku nao wamejiunga na adui. Mama na presha yake vipi? Majeshi ya nchi rafiki yanafunga mahema, mkataba wa pamoja umekwisha. Serikali yetu imetia saini mwingine na wenyeji, wa nchi mbili tu. Nilikuwa nirudi Juni. Sasa nabaki mpaka Oktoba, kwa kuwa lugha ya watu wa hapa naielewa. Mkuu wa kituo chetu cha ukaguzi ni Sajini Yona wa Maramba, Mlutheri, anasafisha bunduki huku anaimba pambio. Niombee nirudi.

Mpwa wako,
Suleimani

Mwera, Pangani, 26 Mei 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Wazima. Mama yako anaficha vidonge chini ya mto, kisha ananiapia kavimeza. Redioni wanasema ushirikiano "unajipanga upya kulingana na tishio". Huku mume akimwambia mkewe anajipanga upya, jua begi liko nje. Lakini mtu wa pwani ni mtu wa pwani, hata ng'ambo ya mto. Salimieni, itikeni, msikae na bunduki kama wezi wa minazi. Aliyekupa salamu hakupigi panga. Msomee na sajini wako.

Mjomba wako,
Mwinyijuma

19 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mkono ulikuwa na bendeji, ndiyo sababu ya kimya changu. Yona nilimsomea, akacheka: "Mjomba wako ana akili kushinda makao makuu." Tukawa tunasalimia kila mpitaji. Ijumaa ya tarehe tano walikuja vijana watatu na ndoo za maji. "Shikamoo, baba." Yona akaitika, akatundika bunduki begani, akampokea wa kwanza ndoo. Panga lilikuwa ndani ya maji. Shingo ilikatika nusu, naye bado anatembea. Ndoo ya pili ilikuwa na bomu. Tumezika wenzetu saba; wawili niliwakusanya kwa shuka.

Sasa tumechanganywa na kikosi cha nchi nyingine. Wanatuambia, "Nyie mnakufa kwa adabu." Amri mpya: hakuna kuitika. Anayepita jiwe jeupe tuliloweka mbele ya kituo, risasi.

Mpwa wako,
Suleimani

8 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Yona nimemuua mimi, kwa kalamu. Fuata amri. Usiitike mtu. Rudi tu.

Mjomba wako

18 Septemba 2024

Mjomba,

Nimefuata. Jumanne alikuja mzee, kanzu imelowa, mikono juu, anasalimia kwa sauti. Nikamwambia asimame. Kusikia Kiswahili akafurahi, akaongeza mwendo. Akapita jiwe. Nilimpiga tatu kifuani.

Binti yake ndiye aliyetueleza: alikuwa anakuja kutuonyesha maficho ya wale watu. Tukaenda naye binti, tukaua kumi na mmoja. Mkuu wa vikosi amesema ushirikiano sasa umekomaa.

Nashuka Pangani Jumapili, tarehe 13 Oktoba. Watu wasije kunipokea. Juzi mwenzangu alinishika bega kwa nyuma, nikamvunja taya.

Suleimani

6 Oktoba 2024

Mpwa wangu,

Majirani nimewaambia unakuja mwezi ujao. Uongo huo nitautubia mwenyewe. Mama yako atakungoja ndani. Stendi nakuja peke yangu, na sitasimama. Nitakuwa nimekaa chini, ukutani, mikono juu ya magoti, uione yote miwili.

Mjomba wako,
Mwinyijuma