Profesa wa Mpakani

Jumapili, 4 Januari
Bado naandika maelezo ya picha za Wadenmaki, kwa maonyesho yetu hapa Oman. Sura za watu, zimechorwa juu ya jiwe kisha zikachapwa kwenye karatasi. Karne ya kumi na tisa. Washairi, wachungaji, maprofesa. Mfalme hata mmoja hamna. Bei rahisi, kwa hivyo watu wa kawaida walizinunua wakazitundika sebuleni. Nchi imepunguzwa na vita, wao wanatazama sura hizi na kujiambia: sisi ndio hawa.
Nani alizichagua?

Jumatatu, 5
Profesa mmoja nampenda. Nywele timtim, koti halikufungwa vifungo vyote. Kumbe kazaliwa kusini, mpakani, na kwao wakisema Kijerumani. Wadenmaki wanapigana na Wajerumani, picha yake inatundikwa. Walimsamehe, au hawakuuliza? Nimesoma mpaka macho yameuma. Nimeandika: "Nyumbani alizungumza Kijerumani."

Jumatano, 7
Mudiri, mkubwa wa makumbusho yetu, Bwana Hilal, kaifuta sentensi ile. Itawachanganya wageni, anasema. Nimeirudisha.

Alhamisi, 8
Kaifuta tena. Nina hasira. Nimeendesha gari mpaka nyumbani, Hail, bila ya redio. Mama kanitazama nikivua viatu.
"Una nini? Nnakuona umenuna."
Kazi tu, nimemwambia. Hakuniamini.

Jumapili, 11
Maonyesho kesho kutwa. Maelezo yanakwenda leo kwa mchapaji, kule mtaa wa Hamriya. Nimeingia ofisini kwa Bwana Hilal.
"Sentensi moja tu, Salma. Ina nini?"
"Mimi nyumbani nasema Kiswahili. Mimi Muomani?"
"Nani kakwambia wewe si Muomani?"
"Shuleni waliniambia. Wewe hujaniambia. Ndio maana nakuomba wewe."
Niliogopa nimevuka mpaka. Kisha kachukua kalamu, kaiandika upya kwa mkono wake. Hakuniangalia. Nimetoka nikiwa na kiu.

Jumanne, 13
Maonyesho yamefunguliwa. Watu si wengi. Mama kafika na buibui lake jipya, kasimama mbele ya profesa, kasoma maelezo ya Kiarabu polepole mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na mamake, alikuwa akimwita nani nyumbani?"
Sijui. Chini ya picha pamechapwa jina la Kidenmaki tu. Nimesoma yote niliyopata, hilo hamna.
Miguu ikamuuma Mama. Tumekaa kwenye benchi, tukimtazama profesa.