Ng'ombe Waliogeuka Bati

Mwanangu Tabitha,

Sikuulizi habari ya afya, kwa sababu utanijibu "mzuri, Mama" kama siku zote, nami nimechoka na huo uzuri wako. Leo sikiliza wewe. Barua hii sikuifunga. Anayetaka kuisoma njiani kutoka hapa Kabazi mpaka huko Kuresoi aisome, na mumeo akipenda aisome kwa sauti mbele ya jamaa zake wote.

Naandika nikiwa jikoni, nimesimama. Tangu alfajiri nikikaa nainuka, nikitoka nje narudi, nimefagia mahali palipokwisha fagiwa. Baba yako alipotoka alisema natembea kama kuku anayetafuta pa kutagia. Safari hii amesema kweli.

Unalikumbuka jiko letu la zamani, lile la nyasi? Ulikuwa mdogo, unakaa karibu na mafiga na kitabu chako cha shule, unakohoa, unasoma, unakohoa tena. Masizi yakidondoka kwenye chai ulikuwa unasema, "Mama, leo chai ina majani mengi." Mvua ya huku kwetu haibishi hodi. Ilipitia kwenye nyasi ikazima moto, ugali ukabaki nusu uji, nasi tukaula hivyo hivyo. Macho yangu yalikuwa mekundu hata kanisani, na mke wa mchungaji akadhani ni toba.

Kisha kijana wa Kuresoi akaleta posa, na watu wake wakaleta ng'ombe watano. Tulifurahi, na wewe ulifurahi, usiseme hukufurahi, maana nilikuona ukiwachungulia dirishani. Lakini hii ni shamba ya Mzungu. Alimwita Baba yako akamwambia kwamba watatu tu ndio wana ruhusa ya kula majani yake, wawili waondoke. Baba yako ni nyapara wa maziwa miaka yote hii, na bado hakuweza kuombea ng'ombe wake mwenyewe majani. Tukawapeleka mnadani Subukia, na zile pesa tukasema zisiishie kwenye sukari na kofia. Zijenge jiko.

Ile siku ya kupanga bajeti sitaisahau. Tulikaa watatu, wewe katikati, na maharagwe kwenye ungo badala ya pesa. Fungu la bati, fungu la stovu ya chuma na bomba lake la moshi, fungu la mlango, fungu la fundi. Baba yako kila mara anaiba maharagwe kwenye fungu la fundi, "hii kazi nitamsaidia mwenyewe", nawe unayarudisha. Ukaanzisha fungu jingine. Baba yako akauliza hilo ni la nini.

"La simiti, Baba. Sakafu."

"Simiti? Hapa? Siku Mzungu akisema tuhame, utakunja simiti uweke kwa kichwa?"

Ulicheka mpaka ukashika ungo usimwagike. Halafu ukasema, bila kucheka sasa, "Mama amepiga magoti kwa vumbi tangu nizaliwe. Wacha apate mahali pa kukanyaga." Ukachukua karibu maharagwe yote ya mlango ukayatia kwenye simiti. Ndiyo sababu tuna sakafu ya kifalme na mlango wa mbao za masanduku, ambao mpaka leo hauzibi vizuri.

Chai ya harusi yako ilipikwa humu. Mvua ikanyesha juu ya bati, hatukusikizana, ukanipigia kelele sikioni, "Mama, huko kwangu nitajenga kama hili!" Nilikuamini. Niliwaza kwamba nimepata jiko, na mwanangu amepata nyumba, na Mungu amenikumbuka mara mbili mwaka mmoja.

Baada ya mavuno ukaja peke yako. Jua lilikuwa kali, nawe umevaa mikono mirefu. Ukainua sufuria kwa mkono wa kushoto, wewe usiyejua hata kukoroga kwa kushoto. Nikaivuta ile nguo, nikauona mkono.

"Nilianguka, Mama."

"Ulianguka juu ya vidole vya mtu?"

Nikakuambia ukae, usirudi huko, tutazungumza na wazee. Ndipo ukainua macho ukayatazama mabati, moja baada ya jingine, kama mtu anayesoma. Ukasema, "Mama, hayo mabati yakae." Ukajifunga kitambaa chako kichwani, ukashika njia. Nilikufuata mpaka kwenye lango la shamba nikisema maneno ambayo hayakukusimamisha.

Sikuelewa vizuri, Tabitha. Nilidhani unasema tu, kama mtu anayebadilisha mazungumzo. Mpaka juma lililopita, Mama Naomi aliporudi kutoka kununua viazi huko kwenu. Yeye hana breki ya mdomo, unamjua, na safari hii namshukuru. Alinieleza kwamba wanawake wenzako wamekushauri utoke kabla hujavunjwa hata mkono wa pili, nawe umewajibu, "Nikirudi, ng'ombe watadaiwa. Wawili walishakuwa jiko la Mama. Nitamvunjiaje?"

Nililia. Na humu ndani hamna moshi tena wa kusingizia.

Kwa hiyo tangu binti yangu aolewe, kumbe mimi nilikuwa napika chini ya mwili wake. Kila chai niliyokunywa humu nikijisifu kwa majirani, wewe ulikuwa ukiilipa huko. Nilipowasha stovu nilisikia hasira, nilipoizima nilisikia hasira. Hata mvua iliponyesha juu ya bati nilitamani kutoka nje ninyeshewe.

Nilimwendea Baba yako zizini. Nikamwambia mtoto arudi nyumbani.

"Na ng'ombe je?"

"Tatu hizi hapa."

"Na zile mbili? Zimekuwa bati. Utarudishia mtu bati? Wazee watatucheka mpaka Molo." Akaendelea kukamua. "Maji yakimwagika hayazoleki, Mama Tabitha."

"Bati si maji," nikamwambia. "Bati lina misumari. Kilichopigiliwa hung'olewa."

Nikaanza kupanga bajeti upya, safari hii ya kubomoa, na nakuambia ni ngumu kuliko ya kujenga. Mwenye hoteli ya sokoni anaezeka chumba, nikamfuata. Anataka mabati yote, lakini bati lenye tundu la msumari anasema ni nusu bei, hata lingekuwa limelala mwaka mmoja tu. Stovu anaichukua mke wa karani, na bomba lake. Mlango wa masanduku hakuna aliyeuuliza. Nikaiongeza pesa yangu ya kuchuma maua ya pareto, nikawaongeza kuku wote isipokuwa anayeatamia. Simiti nimeizunguka siku mbili nikiitazama. Haiuziki. Hapo Baba yako alituweza, lakini siijutii, maana wewe ndiye uliyetaka niikanyage. Nilipojumlisha yote, nilipata ng'ombe mmoja na nusu, na nusu ya ng'ombe haitembei.

Jana sikungoja tena. Niliegemeza ngazi nikapanda na nyundo, mama mzima, gauni nimelikusanya magotini, majirani wakitoka mmoja mmoja kutazama. Bati la kwanza liligoma. Nililivuta huku nikilitukana, Mungu anisamehe. Baba yako akatoka zizini akasimama chini. Nikajiambia sasa atanishusha kwa nguvu.

"Unakunja misumari," akasema. "Na misumari pia ni pesa. Shuka."

Akapanda yeye. Aling'oa mabati yote mpaka jua likatua, nami nikawa napokea chini. Leo asubuhi kukipambazuka alitoka na baiskeli yake, ile anayoifuta kila Jumapili kabla hajajifuta uso. Amerudi sasa hivi kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Ameweka pesa mezani, ameketi, akaanza kuvua viatu.

"Sasa ile ng'ombe ya pili iko na miguu yote," akasema. Na usoni hakukuwa na kicheko.

Basi sikia. Ng'ombe wale tulipewa kwa heshima, kwamba watu wawili wa nyumba mbili watatunzana. Heshima imevunjwa huko, si hapa, na tunairudisha ikiwa kamili ili mtu asipate la kusema juu yako. Wale watatu wa hapa tunawauza kwa majirani, maana kuwaswaga mpaka huko kunataka vibali vingi kuliko ng'ombe wenyewe. Jumamosi Baba yako atakuwa mnadani Molo, atanunua watano, halafu atakuja Kuresoi pamoja na wazee wawili wa kanisa. Ruhusa ya Mzungu ameipata, kwa kunung'unikiwa.

Naogopa, mwanangu. Naogopa siku hizi zilizobaki kabla ya Jumamosi kuliko ninavyoogopa kitu kingine. Mama Naomi anayekuletea barua hii atalala hapo kwako, usimruhusu aondoke. Kelele zake zikusaidie angalau mara moja.

Utakapomwona Baba yako akiingia uani, usimpikie chai wala usimweleze chochote. Ametembea akijua yote. Chukua nguo zako, toka nje, simama upande wake.

Ni mimi mama yako, ambaye hakukuuza.