Ukuta wa jiko letu kijijini Kawajense

Mjukuu wangu Neema,

Huku hatujambo, kikohozi cha babu kimepona. Unauliza kama ufunge blogu yako, maana wasomaji wamehamia kwenye video.

Miaka ya tisini nilikuwa binti wa aibu. Shuleni nilijua Kiswahili na Kiingereza, ila mbele za watu vyote vilinikwama. Nikawa naandika habari zangu kwa mkaa ukutani mwa jiko, kwenye njia ya kisimani. Watu walisimama, wakacheka. Halafu jirani akaanza kuandika matokeo ya mpira ukutani kwao, wote wakahamia. Nikaacha kuandika, habari ya mwisho ikiwa ya mbuzi wetu mgonjwa.

Siku moja mama mmoja ambaye sikuwahi kumwona akisimama kusoma akaniita, ndoo kichwani: “We binti, mbuzi alipona?”

“Alipona, mama.”

“Sasa mbona huandiki?”

Mpaka leo najiuliza alikuwa anasoma saa ngapi. Na wewe, msomaji wako wa namna hiyo pengine humjui bado.

Bibi yako