Tarehe Kumi na Moja, Februari

Mpendwa dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama na kifua kimepunguza kukusumbua. Mimi mwili ni mzima. Najua utashangaa kuona mwandiko wangu, maana mimi na barua tulishapeana talaka zamani.

Shangazi amenieleza kwamba yule mpima ardhi wako amerudi. Amefiwa na mkewe, na amekuja kukuposa mara ya pili. Eti umemjibu vilevile ulivyomjibu alipopata uhamisho ujanani: kwamba mama alikuusia usiihame nyumba ile. Anasema mzee wa watu hajakata tamaa, atangoja jibu la mwisho hadi Jumapili.

Huku gazetini mhariri amenipa ukurasa wa kumbukumbu, mambo makubwa yaliyotokea duniani katika mwezi mmoja. Mwezi wenyewe ni Februari 1990. Nilimwomba anibadilishie, akanitania kwamba naogopa vumbi la makabati. Basi nikafungua magazeti ya zamani. Tarehe kumi na nne, chombo kilichokuwa mbali angani kiligeuza kamera, dunia yetu ikaonekana kinukta tu. Hiyo niliiandika bila shida. Tarehe kumi na moja, bingwa wa ngumi ambaye hakuwahi kushindwa aliangushwa, na siku hiyohiyo mfungwa aliyefungwa miaka ishirini na saba akatoka gerezani kwa miguu yake. Hapo kalamu iligoma. Kila nikiisoma habari hiyo nasikia kucha zikikwaruza mlango kwa ndani. Wenzangu wanasema ni panya wa stoo, nami nimeacha kubishana nao.

Siku ile ulikwenda kazini ukaniachia mama mgonjwa, nikiwa na miaka kumi na minne. Miaka yote nimekuambia alikufa akiwa ameshika mkono wangu. Nilikudanganya, dada. Nilifunga mlango kwa nje, mtu asije akagundua sipo, nikaenda kwa jirani kutazama televisheni. Nilikusudia dakika kumi tu. Mfungwa akachelewa zaidi ya saa nzima, na kila nikiinuka mtu alisema anatoka sasa hivi. Alipotoka, watu walilia kwa furaha, na mimi nililia nao.

Niliporudi mlango ulikuwa mzito kusukuma, kwa sababu mama alikuwa ameanguka nyuma yake. Nilimbeba mpaka kitandani, nikamfumba macho, nikamsafisha vidole.

Ulipofika uliniuliza alisema nini. Nilijua unajiandaa kumfuata mpima ardhi, nikaogopa kubaki peke yangu na mlango ule. Nikakuambia amesema usiihame nyumba. Maneno yale yalikuwa yangu. Mama hakuacha wasia wowote, na kama aliniita, sikuwepo kusikia.

Naona aibu hata kukuomba msamaha kwenye karatasi. Nitakuja mwenyewe, uniambie lolote utakalo. Lakini usihangaike kunijibu mimi kwanza. Mjibu yeye, Jumapili haijafika.

Nisalimie shangazi na wote wanaoniulizia.

Ni mimi,
mdogo wako.