Bomu Nililomrushia Masunga

Mpendwa mke wangu, mama Sayi,

Kwa niaba ya ukoo, na kwa huzuni isiyo kifani, nakutangazia rasmi kwamba chumvi imekwisha nyumbani. Mlenda wa jana umeliwa ukiwa chapwa. Msemaji wa familia, ambaye ni mimi kwa kukosa mwingine, anaomba utulivu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiandaa somo la vita vya dunia kwa wanafunzi wako, mimi nikichambua mlenda na kukupinga bila kuombwa? Ulinieleza habari za Hiroshima, nami nikashika upande wa rubani. Nikasema Wajapani ndio walioanza, walizipiga meli za watu bandarini Jumapili asubuhi. Aliyechokoza hachagui ukubwa wa fimbo. Hukupandisha sauti. Ulisema tu, “Baba Sayi, walioamuru vita hawakuwa pale. Waliochomwa walikuwa wanakoroga uji.” Nikajibu kwamba wangewakataza wakubwa wao. Ukanicheka, ukasema siku nikipata bomu langu utakwenda Malampaka kupanda treni unikimbie.

Sasa nimelipata. Masunga, jirani yetu yuleyule wa ugomvi wa mpaka, aliingiza ng'ombe wake kwenye pamba yetu, akawapitisha juu ya kaburi lako. Msalaba ukavunjika. Nilipomfuata alinijibu kwamba marehemu hana mpaka. Mke wangu, sijawahi kumtakia mtu ubaya namna ile. Nilitamani zizi lake libaki majivu, na kila nikiyawaza majivu hayo nilipata usingizi mtamu.

Nikaenda kwa sungusungu, walinzi wa kijiji, kuomba atengwe. Kutengwa unakujua: nyumba nzima haisalimiwi, haisagiwi mahindi mashineni, haiuziwi hata chumvi dukani, mpaka mwenye kosa atoe dume la ng'ombe lichinjwe, kijiji kizima kile nyama. Nilisimama mkutanoni nikaongea kwa ufasaha ambao haujawahi kuonekana kwangu. Hata wewe ungenipa alama ya kupita. Wakakubali wote. Nikaja kaburini nikakuambia, tumempata.

Hatukumpata. Kesho yake Masunga aliswaga ng'ombe wake kwenda malishoni upande wa Mwanhuzi, na nasikia ananenepa kwa maziwa. Waliobaki nyumbani ni wajukuu wake na mama yake, yule bibi aliyekukanda mgongo ulipojifungua Sayi.

Sasa hiyo chumvi. Wapita njia wasio wa kijiji wakiniuliza, nawaambia nimeiacha kwa sababu ya presha. Ukweli ni huu. Asubuhi moja bibi alipita na mahindi kichwani, amekataliwa mashineni. Akafika kaburini kwako, akatua mzigo, akaokota vipande vya msalaba na kuviegemeza pale penye kichwa. Nilikusudia kunyamaza. Mdomo ukasema, “Mwangaluka, mayu.”

Hakuitikia salamu. Alitazama barabarani, akasema taratibu, “Nyamaza, mwanangu, wanakuona.”

Walikuwa wameshaniona. Anayemsalimu aliyetengwa hutengwa pia, na sheria hiyo niliipigia makofi mwenyewe pale mkutanoni.

Masunga bado namtaka. Namtaka yeye, kwa miguu yake, asimame mbele yangu na fimbo yake ya kuchungia. Lakini mahindi ya mama yake nimeyatwanga kwenye kinu chako, mikono imechubuka, na watoto wamekoroga uji. Usicheke huko uliko. Umeshinda nusu tu.

Lala, mke wangu. Msalaba nitauchonga mpya, hata kama misumari hawaniuzii.

Mumeo, mwenye ulimi mrefu kuliko akili,
Baba Sayi